Kipimo cha mama kiwandani ndicho kipimo cha mwana maabarani

NI saa kumi na mbili unusu za asubuhi. Umati wa watu unamiminika kuelekea lango la EPZ, Athi River. Wengi ni akina mama na vijana wanaotoka Kitengela, Mlolongo na mitaa ya mji wenyewe. Wanatembea hima, mifuko yenye chakula cha mchana mikononi, kwani atakayechelewa anajua linalomngoja.

Eneo hili lilizaliwa baada ya Bunge kupitisha sheria ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje mwaka 1990. Leo, ukitaja EPZ kwa mkazi wa Mavoko, kwanza atafikiria nguo: suruali, fulana na mashati yanayoshonwa hapa na kuvaliwa ng'ambo. Lakini msomaji mpenzi, leo hatuzungumzii mishahara wala masoko. Tunazungumzia tepu.

Naam, ile tepu ya kupimia inayoning'inia shingoni mwa mkaguzi wa ubora. Ukiwa na mwana katika shule ya upili anayelalamika kwamba fizikia imemshinda, huenda tepu hiyo ikamfaa kuliko unavyodhani.

Tuchukue mfano wa nyumba moja, ambayo yaweza kuwa yako. Mama anakagua suruali kiwandani. Bintiye yuko kidato cha nne, na mwalimu amewaagiza wafanye jaribio nyumbani: wafunge kitu kizito kwenye uzi, wakibembeze, wapime muda, kisha wakokotoe mvutano wa dunia. Binti ametafuta kitu kizito akakosa, akatumia kufuli la mlango. Amehesabu mabembeo 20, akapata sekunde 28.4. Amepima uzi, akapata sentimita 48. Anakokotoa na jibu linatoka 9.4.

Kitabu kinasema 9.8. Binti anatazama kushoto na kulia, anachukua kifutio, anafuta 9.4 na kuandika 9.8. Kisha anaenda kulala.

Swali letu la leo ni hili: je, binti huyu amefanya kosa gani?

Tarakimu mbili kwenye karatasi

Wengi watajibu kwamba kosa lake ni kupata 9.4. La hasha! Kosa lake ni kifutio. Ili uelewe ni kwa nini, turudi kiwandani kwa mama yake.

Mkaguzi wa nguo hapewi kipimo kimoja pekee. Karatasi ya mnunuzi huwa na tarakimu mbili. Tuseme kiuno cha suruali kinatakiwa kuwa sentimita 80. Kando yake huandikwa kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua, tuseme sentimita 1. Suruali ya 79.5 inapita. Ya 80.7 inapita. Ya 82 inawekwa kando.

Mnunuzi hakuandika tarakimu ya pili kwa ukarimu. Anajua kwamba kitambaa huvutika, sindano huyumba, na mikono ya watu wawili haiwezi kuvuta tepu kwa nguvu zilizo sawa. Anajua kwamba hakuna kipimo duniani kisicho na shaka. Asichokivumilia ni mkaguzi anayeona 82 na kuandika 80. Mkaguzi wa namna hiyo anaweza kusababisha shehena nzima kukataliwa, na mzigo ukikataliwa, wanaoumia si yeye peke yake.

Shuleni nako ni vivyo hivyo. Wanasayansi huandika kipimo na kando yake huonyesha kiasi cha shaka. Wakiandika 50.0 jumlisha au toa 0.1, wanamaanisha kwamba jibu la kweli liko mahali fulani kati ya 49.9 na 50.1. Kufanya hivyo si udhaifu, ni uungwana. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Na mficha shaka ya kipimo naye hufichuliwa na jibu.

Gorogoro lililobonyezwa

Makosa ya kipimo ni ya aina mbili kubwa, na zote mbili unazijua hata kama hukuingia maabara maishani mwako.

Aina ya kwanza ni ya kubahatisha. Pima muda wa mabembeo 20 mara tano na utapata majibu matano yanayotofautiana kidogo: 28.4, 28.2, 28.5, 28.3, 28.6. Mara kidole kimewahi, mara kimechelewa. Dawa yake ni kurudia na kutafuta wastani, kwa maana yanayozidi na yanayopungua hufidiana. Hapa wastani ni 28.4.

Aina ya pili ni ya kudumu, nayo ndiyo hatari zaidi. Kumbuka gorogoro la sokoni ambalo mchuuzi mjanja amelibonyeza kitako kwa ndani. Ukinunua mahindi kwa gorogoro hilo mara moja, umepunjwa. Ukinunua mara mia, umepunjwa mara mia, na daima kwa upande ule ule. Hapa wastani hausaidii chochote. Dawa ni moja tu: kulikagua gorogoro lenyewe.

Maabarani yapo magorogoro mengi ya aina hiyo. Ipo amita ambayo mshale wake hauanzi kwenye sifuri hata kabla ya kuunganishwa na betri. Ipo rula ambayo ncha yake imelika, hivi kwamba milimita za kwanza hazipo tena. Hata tepu ya fundi cherehani hurefuka kwa kuvutwa siku nenda siku rudi, na ndiyo sababu viwanda makini hulinganisha tepu za wafanyakazi na rula ya chuma kila baada ya muda. Mwanafunzi naye anapaswa kutazama sifuri ya chombo kabla ya kupima chochote. Akikuta amita inaonyesha 0.02 kabla ya kazi kuanza, aandike hivyo, kisha aitoe 0.02 hiyo katika kila kipimo.

Kuna pia kosa la jicho. Ukiwa abiria kwenye matatu, tazama kipima mwendo cha dereva kutoka kiti cha kando. Wewe utaona mshale uko mahali pengine kuliko anapouona dereva, kwa sababu unautazama mshazari. Mwanafunzi anayesoma rula au kipimajoto bila kuweka jicho mkabala na alama hufanya kosa hilo hilo.

Sifuri ya mwisho si pambo

Turudi EPZ tena. Kitambaa hununuliwa kwa uzani wake katika kila mita ya mraba. Ili kuupata, mkaguzi hutumia kikata cha mviringo kinachotoa kipande cha sentimita 100 za mraba. Kipande hicho huwekwa kwenye mizani, na gramu zinazopatikana huzidishwa mara 100, kwa kuwa mita moja ya mraba ina sentimita 10,000 za mraba.

Tuseme mizani inaonyesha gramu 1.8. Ukizidisha unapata 180. Lakini mizani inayoonyesha tarakimu moja tu baada ya nukta haiwezi kutofautisha 1.76 na 1.84. Kwa hivyo uzani wa kweli waweza kuwa popote kati ya gramu 175 na 185. Badilisha mizani, utumie inayoonyesha 1.80. Sasa uzani uko kati ya 179.5 na 180.5. Sifuri ile ndogo ya mwisho imepunguza shaka mara kumi!

Hii ndiyo sababu walimu wa fizikia hukasirika mwanafunzi akiandika 50 badala ya 50.0. Rula ya mita husomwa hadi milimita, yaani tarakimu moja baada ya nukta kwa sentimita. Kalipa ya vernia husomwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta kwa sentimita, kwa mfano 2.34. Mikromita nayo husomwa hadi tarakimu mbili kwa milimita, kwa mfano 4.56. Kila chombo kina kiwango chake cha ukweli. Kuandika pungufu ni kutupa ulichokiona, na kuandika zaidi ni kudai uliona ambacho hukukiona.

Kikokotoo nacho kimewapotosha wengi. Mwanafunzi anapima kwa uzi na kufuli, kisha anaandika jibu la 9.7912485 kwa sababu ndivyo kioo kilivyoonyesha. Hiyo ni sawa na mkaguzi kudai kwamba kwa tepu ya kitambaa amepima kiuno cha suruali hadi upana wa unywele.

Mabembeo 20 na si moja

Kwa nini mwalimu aliagiza wahesabu mabembeo 20 badala ya moja? Hapa tufanye hesabu kidogo, wala usiogope.

Uzi wa sentimita 50 hubembea kwenda na kurudi kwa takriban sekunde 1.42. Kidole cha binadamu huchelewa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kati ya kuona na kubonyeza. Simu yako huonyesha hata sehemu ya mia ya sekunde, lakini kidole chako hakina wepesi huo. Ukipima bembeo moja, shaka ya 0.2 katika 1.42 ni asilimia 14. Na kwa kuwa kanuni ya kukokotoa mvutano wa dunia hutumia muda uliozidishwa kwa muda wenyewe, shaka hiyo huhesabiwa mara mbili: asilimia 28. Jibu lako litakuwa 9.8 jumlisha au toa 2.8, yaani popote kati ya 7 na 12.6. Jibu la namna hiyo halimfai mtu.

Sasa hesabu mabembeo 20. Muda ni sekunde 28.4, na kidole bado kimechelewa kwa 0.2 ile ile. Shaka sasa ni asilimia 0.7, na ukiizidisha mara mbili ni asilimia 1.4. Ongeza asilimia 0.2 kwa sababu ya milimita moja ya rula, na jumla ni asilimia 1.6. Jibu ni 9.8 jumlisha au toa 0.2. Hujanunua chombo chochote kipya. Umetumia subira tu.

Tahadhari moja: unapoachilia kufuli, sema "sifuri", usiseme "moja". Anayeanza na moja huhesabu mabembeo 19 akidhani ni 20, na jibu lake huruka hadi karibu 10.8. Kosa hilo limewapotezea alama wanafunzi wengi.

Kijana aliyeandika alichokiona

Afrika Mashariki ina kisa chake ambacho kila mwanafunzi anapaswa kukijua. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na kuyatia sukari. Akihofia kukosa nafasi katika friji, Mpemba aliweka maziwa yake yakiwa bado moto. Aliporudi aliyakuta yameganda mbele ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa.

Alichekwa, lakini hakufuta. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne hakulipuuza. Alilifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Hadi leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba kote ulimwenguni.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2016, watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, waliandika kwamba hawakupata ushahidi thabiti wa maji ya moto kupoa haraka zaidi. Waligundua kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunaweza kumfanya mtu aamini ameona jambo hilo. Mjadala ungali unaendelea. La muhimu kwetu ni kwamba pande zote mbili zimetenda haki: Mpemba aliandika alichokiona, na waliomhoji waliuliza kipimajoto kilikuwa wapi.

Mtihani unataka nini?

Katika mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wamepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027, fizikia ina karatasi tatu. Ya tatu ndiyo ya vitendo. Ina alama 40 na huchukua saa mbili na nusu, huku dakika 15 za kwanza zikiwa za kusoma maswali kabla ya kugusa chombo. Maagizo yake huwaambia watahiniwa waziwazi kwamba alama hutolewa kwa yale waliyoyaona wenyewe na jinsi walivyoyatumia. Vilevile hushauriwa kuyaandika pindi wanapoyaona.

Hata hivyo, kupika takwimu kumekuwa desturi. Nami siwezi kujitoa lawamani. Nikiwa mwanafunzi, niliwahi kunakili vipimo vya jirani yangu wa benchi kwa sababu grafu yake ilikuwa imenyooka kama reli. Mwalimu aliuliza swali moja tu: ilikuwaje nukta zako zote zikakaa juu ya mstari, ilhali rula yako haioni chini ya milimita moja? Nilikosa la kusema. Nukta za kweli hutawanyika kidogo pande zote mbili za mstari. Grafu iliyonyooka kupita kiasi ndiyo inayoshukiwa.

Wapo watakaosema kwamba shule nyingi hazina vifaa. Ni kweli, na ni dhuluma kwa mwana wa mfanyakazi wa kawaida. Lakini kuanzia mwaka 1998 mradi wa SMASSE, ulioanzishwa na serikali kwa usaidizi wa Japani, uliwafunza walimu wa hisabati na sayansi kubuni majaribio kwa vifaa vinavyopatikana karibu. Makueni, jirani zetu, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza. Uzi, kufuli na simu ya mama vyatosha kuanzia.

Mbona lango la EPZ si mbali na maabara

Huenda ukauliza, msomaji, mwanangu hataki kuwa mwanasayansi, haya yamhusu nini? Tazama alivyozungukwa na vipimo hapa Athi River. Mji wa Mlolongo ulipata jina lake kutokana na milolongo ya malori yaliyosubiri kupimwa uzani. Mizani ya buchari sharti ipigwe muhuri na mkaguzi wa mizani na vipimo. Shirika la KEBS, lililoanzishwa mwaka 1974, ndilo linalotunza vipimo vikuu vya taifa ambavyo vingine vyote hulinganishwa navyo. Hata kilo yenyewe, iliyokuwa kipande cha madini kilichofungiwa Ufaransa, tangu tarehe 20 Mei 2019 imefafanuliwa upya kwa kanuni za fizikia, kwa sababu kipande chochote cha chuma chaweza kubadilika.

Muuguzi anayepima dawa, fundi anayechanganya saruji, mkaguzi anayepima kiuno cha suruali, wote wanauliza swali lile lile: nina uhakika kiasi gani?

Na sasa turudi kwa binti yetu. Tuseme asubuhi hiyo mama ameamka mapema na kukuta daftari mezani, likiwa na doa la kifutio.

"Hapa palikuwa na nini, mwanangu?"

"9.4, mama. Lakini jibu ni 9.8."

Mama hajui kanuni ya kubembea. Alichokijua ni swali ambalo huulizwa kila siku kiwandani, kwa kuwa suruali moja yaweza kutoa vipimo viwili kulingana na mahali tepu ilipoanzia.

"Ulipima kutoka wapi hadi wapi?"

Binti anafikiri. Alipima kutoka msumarini hadi kwenye fundo la uzi. Lakini kinachobembea si uzi pekee, ni uzi pamoja na kufuli. Urefu unaotakiwa ni hadi katikati ya kufuli. Anachukua rula na kupima sentimita 2 zaidi. Anakokotoa tena kwa sentimita 50.0 na sekunde zile zile 28.4. Jibu linatoka 9.79, nalo analiandika 9.8 jumlisha au toa 0.2.

Jibu ni lile lile alilokuwa ameliiba usiku. Tofauti ni kwamba sasa ni lake. Na kama angeiacha ile 9.4 mahali pake, ingemwonyesha njia mapema zaidi, kwani ilikuwa inamwambia kwamba kuna sentimita mbili zimesahaulika.

Basi mzazi, leo jioni mwanao akifungua daftari la fizikia, usimwulize kama amepata jibu sawa. Mwulize alipima kutoka wapi hadi wapi, alirudia mara ngapi, na chombo chake kilianzia sifuri. Huhitaji diploma kuuliza hayo. Na ukimkuta ameshika kifutio, mwambie akiweke chini, apige mstari mmoja juu ya tarakimu aliyoitilia shaka ili ibaki ikisomeka, kisha apime tena.